Uso wa Bibi Paskazia Kwenye Chupa

Shangazi Kashindye, shikamoo.

Safu yako naisoma kila Jumamosi, na mara nyingi nimecheka mambo ya watu humo nikasema hawa nao wamejitakia, sasa leo aliyejitakia ni mimi na sijui hata nianzie wapi. Jina langu naomba ulifiche. Majina ya wengine fanya uonavyo.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili, na nina kibanda cha uchoraji hapa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, nachora mabango, nachapa kadi za harusi na fulana za misiba, na tangu nilipopata kompyuta natengeneza na nembo za biashara za watu. Kabla ya kompyuta nilikuwa mchoraji wa brashi, nikizunguka kuandika majina ya maduka na kuta za shule, na kwa miaka minne kazi zangu nyingi zilikuwa Sengerema, kwa hiyo karibu kila wiki nilivuka Kigongo kwenda Busisi, na kila nilipofika kivukoni nikakuta foleni nilikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza juisi ya ukwaju kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Huyo ndiye Bibi Paskazia.

Si ndugu yangu. Yeye ni Msukuma wa hapo hapo Kigongo, Mkatoliki, mimi ni Mwislamu wa mjini Mwanza na babu yangu alikuja huku na biashara kutoka Tabora, lakini alikuwa ananiita mjukuu, akiniona tu na makopo yangu ananisalimu, "Mwangaluka, mjukuu wa rangi," na kikombe cha pili hakuwahi kunitoza. Siku moja nilishuka pale nikiwa na malaria kali, nikaanguka mbele ya malori, watu wakadhani nimelewa, wakanipita, yeye akaja akanilaza kwenye khanga yake, akanimwagia maji kichwani, akaita pikipiki, akapanda nyuma yangu akanishikilia mpaka zahanati, na biashara yake akaiacha pale na jua lile. Brashi na rangi zangu alinitunzia siku nne. Nilipopona nikarudi kumshukuru, nikiwa na simu mpya yenye kamera nzuri, nikamwomba nimpige picha. Kwanza alikataa. Kisha akasema, "Haya, piga. Lakini ikae humo humo kwenye simu yako, usiipeleke kwa watu. Uso wangu huu ni wa kuzikwa nao." Nikamwambia, "Bibi, haitatoka." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, Shangazi, hakuna aliyenilazimisha.

Basi daraja likafunguliwa mwaka jana, magari yakahamia juu, na pale chini waliokuwa wakiuza juisi, karanga na samaki wa kukaanga wakakosa wa kumuuzia, kila mmoja akashika njia yake, Bibi Paskazia akarudi kukaa nyumbani kwake, nyumba iko hatua chache tu kutoka kivukoni. Mimi nimevuka lile daraja mara nyingi tangu lifunguliwe. Unavuka dakika chache tu umefika ng'ambo, na sikuwahi hata mara moja kusimama kuuliza yule bibi anaishije.

Kama miezi miwili baada ya daraja akaja kibandani kwangu dada mmoja, Aoko, mtu wa Rorya kule Mara, amesomea mambo ya vyakula chuoni. Yeye na kina mama watatu walikuwa wameanzisha kiwanda kidogo cha juisi ya ukwaju na tangawizi pale Usagara, kinywaji wamekiita Kivuko, na alitaka nembo, lebo, rangi, maandishi, kila kitu kiende pamoja kuanzia chupa mpaka aproni za wauzaji. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, wengine wote walikuwa wananiletea mabango ya saluni. Nikamchorea wimbi la ziwa, nikamchorea ganda la ukwaju, nikamchorea glasi yenye mrija. Akaziangalia zote tatu kwa adabu, akanirudishia.

"Kaka, hizi nimeziona kwenye juisi mia," akasema. "Mimi nataka mtu akishika chupa yangu ajisikie kama amefika mahali ana kiu, na kuna mtu alikuwa anamsubiri."

Shangazi, aliposema vile nilimwona Bibi Paskazia palepale. Nikaitafuta ile picha kwenye simu, nikakaa nayo siku tatu, nikamchora na kilemba chake cha kitenge, mwanya wake, lile tabasamu lake la upande mmoja, na kovu lililo juu ya jicho la kushoto alikopigwa kwato na ng'ombe alipokuwa binti. Lile kovu nilijaribu kuliondoa, uso ukafa, nikalirudisha. Nilijua kabisa ninalofanya.

Aoko alipouona mchoro alifuta macho.

"Huyu ni nani?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Nimemtoa kichwani."

"Kweli? Mbona ni kama ananijua?"

"Ni mchoro tu, dada."

Nikikuambia kwa nini nilidanganya utanidharau. Niliogopa akijua ni mtu atasema twende tukamwombe, na bibi angekataa, nami kazi ningeikosa. Lakini kulikuwa na kingine kibaya zaidi, nilipenda vile alivyoniangalia, kama mtu mwenye kipaji cha kuumba watu.

Kinywaji kilitoka kabla ya Krismasi na kikapendwa haraka mno, kwenye harusi, kwenye maduka, stendi, uso wa bibi ukawa kila mahali, kwenye chupa, kwenye miamvuli, kwenye migongo ya kina mama wauzaji. Kwenye maonyesho ya wajasiriamali nikapewa cheti, nikakiwekea fremu. Redio moja ya hapa ikaniita, mtangazaji akaniuliza ule uso niliupata wapi, nami badala ya kukaa kimya nikasema ulinijia ndotoni, mama wa ziwa akinipa kikombe ninywe. Watu walipiga simu kunipongeza. Mke wangu Mwanvua aliirekodi.

Mwezi uliopita akaja kijana wa bodaboda anaitwa Mayala, alitaka stika ya kubandika kwenye pikipiki yake, akaliona bango la Kivuko ukutani. Akasema, "Kumbe na wewe unamjua Bibi Paskazia wa kwetu Kigongo? Yule mama ametajirika kimyakimya, hataki kusema." Nikamuuliza nani kasema ametajirika. "Kila mtu," akasema. "Si ndiye mwenye kampuni? Uso wake huo hapo." Kisha akanieleza, akicheka kama anasimulia mpira, kwamba Masele, mtoto wa marehemu mumewe, ametoka Geita kudai urithi wa baba yake, akapekua nyumba nzima mpaka chini ya godoro, na kwamba wenzake wa jumuiya ya kanisa walipogawana mahindi walimruka wakasema huyu anavyo, na vijana wanaopita hutupa chupa tupu uani kwake wakimwambia azijaze. Na wengine, Mayala akashusha sauti hapo, wanauliza bibi kizee asiye na mtu anapataje mali isiyoonekana, na uso wake unatembeaje nchi nzima naye yuko ndani. Shangazi, wewe ni mtu wa kanda hii. Unajua maneno kama hayo ya uchawi kwa kikongwe anayeishi peke yake yanaweza kuishia wapi.

Kesho yake nilikwenda Kigongo nikiwa nimeazimia kusema. Nilimkuta amekonda, chupa zimejaa kwenye kona ya uwanja, amezipanga vizuri kama mali ya mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wa rangi! Umepotea." Akafurahi mno, Shangazi, akanitolea kigoda, akanipa ukwaju kwenye kikombe cha bati. Kabla sijafungua mdomo akaingia ndani akatoka na chupa yenye lebo, akanipa mkononi.

"Mwanangu, nimekuwa nikimwomba Mungu uje. Wewe ni mchoraji, wachoraji wenzako unawajua. Nisaidie kumtafuta aliyenifanyia hivi. Sitaki kitu kwake. Nataka tu aje awaambie watu kwamba mimi simo."

Nikaishika ile chupa. Nikasema, "Nitamtafuta, bibi."

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru.

Niliondoka. Mpaka leo silali vizuri, nikiona mwanamke amejifunga kilemba nageuza uso. Na juu ya hilo, Aoko anataka kuisajili nembo, mwanasheria ameandaa karatasi ya mimi kusaini kwamba mchoro ni wa akili yangu na hakuna mtu mwenye haki nao, na lebo nyingine nyingi ziko njiani kuchapwa. Nikisema ukweli nitamwangusha yeye na wale kina mama watatu wa Usagara ambao hawana kosa, na mimi Igoma nzima itanijua kuwa mwongo. Mwanvua ananiambia ninyamaze, bibi ni mtu mzima, siku zake si nyingi, na mambo yatapoa yenyewe. Alipolitamka hilo nilimwona kama simjui, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimeshaliwaza.

Nimefikiria njia mbili. Moja, nibadilishe mchoro kidogo kidogo, nitoe kovu, nizibe mwanya, uso uwe wa mtu mwingine bila Aoko kuuliza. Ya pili, niwe nampelekea bibi chochote kila mwezi kupitia kwa Mayala bila kusema kimetoka wapi. Je, ipi ni nafuu? Au kuna ya tatu nisiyoiona? Naomba unijibu hata kwa ukali.

Mimi mchoraji, Igoma.

*

Mchoraji wa Igoma, marahaba.

Barua yako niliipata Jumanne. Kwa kawaida barua hungojea zamu yake, yako sikuingojesha. Uliandika namba ya simu, nikakupigia mchana ule ule, kwa sababu mama anayeishi peke yake, anayenong'onwa kwa utajiri usioonekana, si wa kusubiri gazeti la Jumamosi. Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa kwa ajili ya wasomaji, na yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yako. Jina la bibi na la kinywaji nimeyabadilisha. Kutangazwa bila kuulizwa kumeshamtosha.

Uliniomba ukali, nao utaupata. Lakini kwanza pole. Nimesoma barua nyingi za watu waliokosa, na wengi hunieleza kosa la mwenzao kuliko lao. Wewe umeniandikia mpaka lile la ndoto redioni ambalo ungeweza kulificha, na mpaka lile uliloliwaza kabla mkeo hajalisema. Mtu wa hivyo hajaharibika wote.

Sasa kaa chini nikuambie. Kuziba mwanya na kufuta kovu ni kazi ya mwizi wa baiskeli anayepaka rangi nyingine ili mwenyewe asiitambue. Baiskeli bado si yake. Na hizo chupa zilizoko uani kwa bibi, zenye kovu, ungezifuta na nini? Ama kumpelekea vitu kwa siri, hivi ulifikiri? Watu wanasema anapata mali asiyotaka kuisema ilikotoka, halafu wewe unataka kila mwezi pikipiki isimame mlangoni kwake na kifurushi kisicho na jina. Ungekuwa umewapa ushahidi waliokuwa hawana.

Na usijifiche nyuma ya wale kina mama wa Usagara. Ulipoandika kwamba unawaogopea wao nilikaribia kukuamini, mpaka nikakumbuka kwamba karatasi ya mwanasheria ingewatia wao hatarini, si wewe peke yako. Siku ambayo bibi au mtu wake angekwenda mahakamani wangeulizwa wao. Aliyekuwa anaokolewa na ukimya wako alikuwa mmoja tu, naye ana cheti kwenye fremu.

Nilikuambia usisaini kitu. Nilikuambia uanze na bibi, peke yako, mikono mitupu, kwa sababu uso ni wake na habari ilikuwa haki yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Useme maneno machache na usilie, maana ukilia yeye ataanza kukubembeleza. Ukitoka hapo uende kwa Aoko. Kisha wewe na Aoko muende kwa mwenyekiti wa kijiji, aitishe watu, useme mbele yao. Nilikuambia pia uamuzi wa uso ule kubaki au kutoka hauko kwako wala kwa Aoko.

Wasomaji wajue kwamba alikwenda. Jumatatu alinipigia akanieleza yote.

Alimkuta bibi anachambua mtama. Akapiga magoti, akasema, "Bibi, yule uliyenituma nimtafute ni mimi. Nilitumia ile picha." Bibi aliendelea kuchambua mtama. Kisha akamuuliza, "Siku ile uliponiahidi utamtafuta, ulikuwa unamjua?"

"Nilimjua, bibi."

"Na ukanywa ukwaju wangu."

"Nilikunywa."

Bibi akasema, "Ungekuja ukaniambia, bibi, kivuko kimekwisha, nataka watu wakukumbuke, labda ningekubali. Sijui. Hukunipa hata nafasi ya kukataa." Akaweka ungo chini. "Nenda kawaambie watu. Ukishawaambia, hapa kwangu usije tena."

Aoko naye alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama katikati ya makreti yake. Hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo mfupi wa pikipiki. Ningekwenda mwenyewe kumwomba, na angesema hapana tungechora kitu kingine. Ndiyo hivyo tu, kaka, ilikuwa siku moja ya kazi." Akapiga simu kiwandani lebo zinakochapwa, akazisimamisha. Kwa mjasiriamali aliyeanza juzi, mwenye oda za watu mkononi, hilo si jambo dogo, nami hapa nampa heshima yake.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa. Mchoraji alisimama mbele ya watu wa Kigongo akasema uso ule aliuchukua kwenye picha aliyokatazwa kuitoa, kwamba mama huyu hana kampuni, hana hisa, hajawahi kupewa hata chupa moja. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo alipewa nini?" Akajibu, "Hakupewa kitu. Hata kuulizwa hakuulizwa." Masele alikuwepo, na mkutano ulipofungwa hakuna aliyemwona. Mwenyekiti aliwaambia vijana wanaotupa chupa kwamba anawajua majina na anawajua baba zao. Mama mmoja wa jumuiya akanyanyuka akaenda kukaa karibu na bibi.

Aoko alimwinamia bibi, akamwamkia, akamuuliza anataka nini. Alikuwa amejiandaa kumpa sehemu ya biashara kwa maandishi kama angeridhia uso ubaki, na mimi nilimshauri kwa simu kwamba kama ingefika hapo karatasi isomwe kwa Kisukuma mbele ya mtu wa bibi mwenyewe. Haikufika hapo. Bibi alisema, "Mwanangu, wewe sina neno na wewe. Nataka nitoke humo."

Kwa hiyo anatoka. Kina mama wa Usagara wamekuwa wakibandua lebo kwa maji ya moto tangu Jumatatu, na kwa sasa kinywaji chao kinauzwa na jina tupu kwenye karatasi nyeupe. Maduka mengine yamekirudisha, wateja wanasema sicho kile walichokizoea. Huo ni mzigo uliowatwisha watu wasiohusika, na hakuna ushauri wangu utakaouondoa.

Sasa nirudi kwako, mwanangu, kwa lile uliloniuliza mwisho wa simu. Uliniuliza ufanye nini ili bibi akusamehe.

Hakuna cha kufanya. Amekuambia usiende kwake, usiende. Usimtume Mayala, usimtume padri, usimtume mkeo na kitenge na sukari. Mara ya kwanza alikuambia jambo kuhusu uso wake ukajifanya hukusikia. Hili la mlango wake lisikie. Pengine siku moja atakuita. Pengine atakufa hajakuita, nawe utakwenda kukaa nyuma kabisa msibani kama watu wengine. Najua unaumia kwa sababu alikuita mjukuu, na sasa huna wa kukuita hivyo. Ni kweli umempoteza. Huo uchungu si ugonjwa, usitafute dawa yake.

Lakini yako mengine yaliyo mkononi mwako, na hayo sitaki kusikia umeyachelewesha. Michoro yote ya ule uso, ya kwenye kompyuta na ya kwenye karatasi, mkabidhi Aoko aiharibu mbele yako, na ile picha ya kwenye simu ifute hapo hapo. Kama anataka umchoree nembo mpya, mchoree bila malipo na bila kujitetea. Kama anampa kazi mchoraji mwingine, mpe huyo rangi na vipimo vyote, umwelekeze vizuri, usinune. Cheti kirudishe kwa waliokupa na barua ya kueleza sababu. Redioni rudi kwenye kipindi kile kile, saa ile ile, uiseme ile ndoto kuwa uongo, bibi usimtaje.

Na Mwanvua usimfanye yeye ndiye mbaya. Alisema kwa sauti ulilokuwa unaliwaza moyoni. Kaa naye, mweleze yote tangu ile siku ya malaria, maana nina hakika hujawahi kumweleza huyo mama alikuwa nani kwako. Angejua, nadhani asingesema vile.

Kisha fungua kibanda chako. Wateja wengine watakukimbia, wengine watakuja kukuchungulia tu, vumilia. Na mteja akija na picha ya mtu anataka umtolee bango au fulana, kabla hujawasha kompyuta muulize kama mwenyewe anajua. Akisema hajui, mwambie arudi naye.